Barabara isiyo na shimo inapakwa lami, yenye mashimo inasubiri. Tuwaelezeje wananchi?

Diwani_Kamati aliandika:

Habari zenu. Mimi ni diwani, na mwaka huu nimekabidhiwa uenyekiti wa kamati inayosimamia barabara za jiji. Baada ya wiki tatu baraza linakaa kujadili mpango wa matengenezo wa miaka mitano. Kikao kitarushwa moja kwa moja mtandaoni, na rasimu itawekwa kwenye tovuti kabla ya hapo. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kuipitia kazi hii, awe mhandisi, awe mtu wa habari, au awe mwananchi aliyewahi kusoma tangazo la jiji akabaki na hasira.

Jambo lenyewe ni hili. Wahandisi wetu walizunguka barabara zote wakazipa alama, kuanzia 0 hadi 100. Mia ni barabara mpya, sifuri ni barabara iliyokwisha kabisa. Kisha wakaleta pendekezo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilishtuka: sehemu kubwa ya fedha za mwaka wa kwanza inakwenda kwenye barabara zenye alama 65 hadi 80, yaani zile ambazo ukipita huoni shimo hata moja. Zitazibwa nyufa, zitapakwa tabaka jembamba la lami na kokoto, mitaro itazibuliwa, basi. Barabara zenye alama 20, zile ambazo watu wananipigia simu usiku kuzilalamikia, nyingi zinasubiri mwaka wa tatu au wa nne. Kwa sasa zitapata viraka.

Mhandisi alinieleza nikamwelewa. Lakini nilimwelewa baada ya saa mbili, tumekaa mezani, yeye akinichorea kwenye karatasi. Mwananchi hana hizo saa mbili. Anachoona ni gari la lami limesimama kwenye mtaa usio na shimo, halafu anageuka kwenda kwake na kuisukuma baiskeli kwenye tope. Hapo maneno yoyote nitakayosema yatasikika kama kumtetea aliyependelewa.

Mwaka jana, kabla sijaingia kwenye kamati, jiji liliweka orodha mtandaoni. Ilikuwa nyaraka iliyopigwa picha, kurasa nyingi, majedwali ya namba za barabara ambazo hata mimi diwani sizijui. Chini yake maoni yalikuwa ya hasira tupu. Niliyapitia yote mwezi uliopita. Katikati ya matusi kulikuwa na mama mmoja aliyeandika kwa upole kabisa. Alisema gari la wagonjwa huishia mwanzo wa mtaa wao, mgonjwa anabebwa juu ya kiti mpaka lilipo gari, na yeye baba yake amebebwa hivyo mara mbili. Hakuomba lami. Aliuliza tu: "Ni lini?" Hakuna aliyemjibu. Nilipoyasoma yalikuwa na miezi minne.

Ndiyo maana niko hapa. Nataka kujua kama tuchapishe alama za kila barabara au tutakuwa tumewasha moto kati ya kata na kata. Nataka kujua tunamwambia nini mtu ambaye barabara yake haimo. Na huyu mama, nimjibu nini leo, kabla hata ya kikao?

---

Mkazi_Bondeni alijibu:

Mheshimiwa, mimi ni mmoja wa hao wenye hasira, si hapo kwenu lakini mambo ni yale yale. Nikwambie ukweli wangu. Jiji likiweka tangazo, mimi sitafuti sera. Natafuta jina la mtaa wangu. Nikilikosa, nafunga. Nikikuta "barabara ya mkusanyiko, kipande namba fulani, kilomita 0.8", nafunga pia, kwa sababu hakuna mtu hapa anayeijua barabara yake kwa namba. Tunaijua kwa shule iliyopo, kwa daraja, kwa kona ya msikiti.

Na kama haimo, niambieni haimo. Kinachoniumiza mimi si kusubiri. Nimesubiri mambo mengi maishani. Kinachoniumiza ni kuambiwa "hivi karibuni" miaka mitatu mfululizo, mpaka nikatengeneza gari langu chini mara mbili kwa kutegemea kwamba greda linakuja.

Jingine: mama yangu hana simu ya intaneti. Mkishaweka mtandaoni, mbandike karatasi pia pale mtaani, kwa maandishi makubwa.

---

Mkaguzi_Mstaafu alijibu:

Mheshimiwa, nilikagua barabara kwa miaka 31 mpaka nikastaafu. Kazi yangu ilikuwa kutembea kwa miguu, daftari mkononi na gurudumu la kupimia mbele yangu. Niruhusu nianzie chini ya lami, maana ukikielewa kilichoko kule, maneno ya kuwaambia watu yatakuja yenyewe.

Barabara ya lami inauawa na maji na magari mazito yakisaidiana. Juu kuna lami, chini yake tabaka la kokoto iliyoshindiliwa, chini zaidi udongo. Lami ni paa, na nguvu yenyewe iko kwenye zile kokoto, maadamu zimebaki kavu. Miaka inavyokwenda jua na hewa vinaikausha lami, inakuwa ngumu, inapasuka ufa mwembamba kama unywele. Maji yanapenya. Kokoto zikilowa, kila tairi zito linalopita juu linayakamua yale maji yapande kupitia ufa, na yakitoka hayatoki peke yake, yanatoka na ule unga laini uliokuwa umeshikilia kokoto zisicheze. Siku mvua ikikatika, nenda kasimame kwenye barabara yenye alama kama 60 uinamie ufa mmoja. Ukiona mstari wa tope jepesi umekauka kando ya ufa, rangi ya udongo juu ya lami nyeusi, hilo ni tumbo la barabara linatoka nje. Shimo bado halipo. Mpita njia atakwambia barabara ni nzima. Miezi michache baadaye nyufa zinakutana, lami inagawanyika vipande vidogovidogo, sisi tunaita ngozi ya mamba. Kipande kimoja kinang'oka, na hapo ndipo simu zinaanza kupigwa. Wakati wa kuziba ule ufa ulikuwa umeshapita zamani.

Hizo alama mlizopewa zina asili yake. Zilibuniwa na wahandisi wa Jeshi la Marekani miaka ya 1970, na leo namna ya kuzipima imeandikwa kwenye kiwango cha ASTM D6433, ASTM likiwa ni shirika linaloweka viwango vya upimaji. Unaanza na 100, unapunguza kwa aina ya ubovu, kwa ukali wake, na kwa ukubwa wa eneo ulilokula. Ufa mmoja mrefu hupunguza kidogo. Ngozi ya mamba hupunguza sana, kwa sababu inasema msingi wenyewe umeondoka. Na wazee wa kazi wanajua kwamba barabara haishuki kwa mwendo mmoja. Inakaa juu miaka mingi ikipungua taratibu, halafu ikifika mahali fulani inaporomoka kama mtu aliyekosea ngazi.

Sasa sikiliza sentensi ambayo ingekuokolea zile saa mbili. Barabara yenye alama 20 inahitaji kufumuliwa na kujengwa upya mwaka huu, na mwaka wa nne itahitaji kazi ile ile. Barabara yenye alama 70 inahitaji kupakwa tu mwaka huu, lakini ikiachwa mpaka mwaka wa nne nayo itahitaji kufumuliwa. Ukianza na mbovu peke yake, kila mwaka unajenga moja huku nyuma yako zinakufa tatu, na foleni ya wanaosubiri inarefuka. Ripoti ya maendeleo ya Benki ya Dunia ya 1994 ilikadiria kwamba dola bilioni 12 za matengenezo ya wakati zingeziokoa nchi za Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya barabara katika muongo mmoja. Nilikuwa kazini wakati huo, na nilikuwa nazijua kwa macho barabara ambazo hesabu hiyo ilikuwa inazisema.

Hapo wahandisi wako wako sawa, usiwaache. Lakini kuna jambo ambalo alama haiwezi kukwambia, na nakusihi ulisimamie kwenye kikao. Alama inapima lami. Haimpimi mtu anayeishi juu yake. Barabara ya alama 20 yenye magari mawili kwa siku, na barabara ya alama 20 ambayo ndiyo njia pekee ya mgonjwa kutoka, kwenye jedwali ni ndugu mapacha. Huyo mama wa kiti asiwekwe kwenye foleni ya lami hata kidogo. Awekwe kwenye foleni nyingine, ya kupitika. Kupitika hakuhitaji lami. Kunahitaji greda lipite liweke mgongo katikati ili maji yateremke pembeni, mtaro uchimbwe, kalavati, yaani lile bomba linalopitisha maji chini ya barabara, lizibuliwe, changarawe imwagwe na ishindiliwe kwenye sehemu korofi. Ni kazi ya siku chache. Tengeni fungu lake kwenye bajeti, lenye jina lake, lisiguswe, na kila barabara inayosubiri ipate haki yake humo kila mwaka mpaka zamu yake ya kujengwa ifike.

Nikwambie kisa kimoja, kisha nije kwenye tangazo. Katika ofisi niliyofanyia kazi tulikuwa na mfumo wa kupokea malalamiko. Siku moja nikaona shimo moja limeripotiwa mara sita, na mara zote sita limeandikwa "imekamilika". Nikaenda mwenyewe. Nikakuta dimbwi la upana wa meza, na pembeni yake kokoto nyeusi zimetawanyika mpaka kwenye nyasi. Ile ilikuwa lami yetu. Gari lilikuwa linakuja, wanaimwaga ndani ya maji, wanaipigapiga kwa mgongo wa koleo, wanaondoka. Kiraka hakishiki namna hiyo. Shimo hukatwa kuta zake zikasimama wima kama sanduku, maji na takataka zinafagiliwa mpaka ukute pakavu na pagumu, kuta zinapakwa lami ya maji ili kipya kishikane na cha zamani, halafu unajaza kwa matabaka na kila tabaka linashindiliwa kabla ya kuweka jingine. Ukimaliza, kiraka kinainuka kidogo sana juu ya barabara, kwa sababu magari yataendelea kukikandamiza.

Lakini hata hivyo kisingedumu pale. Nilifuata maji yanakotoka, hatua kama arobaini kwa juu, nikakuta kalavati limejaa mchanga mpaka mdomoni. Maji yote ya mtaa yalikuwa yanavuka juu ya barabara. Vijana wanne na makoleo walilizibua kwa siku mbili, ndipo tukakata kiraka. Nilipita pale miaka mingine mitano, kikiwa kimekaa.

Mwenye nyumba ya jirani alikuwa ameandika kwa mkaa ukutani tarehe zote sita alizopiga simu. Hakunifokea. Aliniuliza swali moja: "Kwa nini mliandika imekamilika?" Sikuwa na jibu la kumpa. Ninavyoandika hapa bado nauona ule ukuta.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu mtandao ni mmoja. Chapisheni orodha mbili. Ya kwanza ni ya barabara zitakazotengenezwa. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni ya barabara zote ambazo hazitatengenezwa mwaka huu, kila moja na alama yake, sababu yake, itafanyiwa nini ili ipitike, na mwezi ambao mkaguzi atarudi kuitazama. Jiji linalothubutu kuandika "hapana" kwa jina la mtaa, na sababu, na tarehe, watu wataliamini siku likiandika "ndiyo".

---

Mkazi_Bondeni alijibu:

Mzee wangu, asante. Hiyo ya orodha ya pili ndiyo nilitaka kuisema nikakosa namna.

Swali: kuna mtu huku kwetu anasema malori ndiyo yanaharibu na sisi wenye gari ndogo tunalaumiwa bure. Ni kweli?

---

Mkaguzi_Mstaafu alijibu:

Ni kweli kwa kiasi ambacho watu hawakiamini mpaka wakione kwenye hesabu. Kati ya 1958 na 1960 huko Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, walijenga barabara za majaribio wakayazungusha malori juu yake kwa miaka miwili, kila kipande na uzito wake. Walichokipata, kwa kukadiria, ni kwamba madhara yanapanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito unaobebwa na mhimili mmoja wa magurudumu. Ekseli ikiwa nzito mara mbili, madhara ni mara 16. Ikiwa nzito mara 20, ambayo ndiyo tofauti ya ekseli ya lori lililoshiba na ya gari dogo, ni mara 160,000. Kwa hiyo Mheshimiwa, kama kuna mtaa wa makazi ambao malori yameufanya njia ya mkato, bango la kuyazuia ni matengenezo pia. Liandikeni kwenye mpango.

---

Afisa_Habari_Zamu_ya_Usiku alijibu:

Mheshimiwa, mimi nimeendesha kurasa za jiji moja kwa miaka tisa. Mzee amemaliza upande wa barabara, nami niseme wa mezani kwangu.

Chapisheni alama. Hofu ya kata kugombana naielewa, tulikuwa nayo. Lakini alama zisipotolewa watu hutunga za kwao, na za kutunga daima zinasema fulani kapendelewa. San Francisco inaweka wazi alama za hali ya barabara zake, na dunia haijaanguka. Ila msiiweke alama peke yake. Namba tupu mtu ataisoma kama mtihani wa shule, aone mtaa wake umefeli. Kando ya kila alama wekeni picha moja ya barabara hiyo, iliyopigwa siku ya ukaguzi, na tarehe yake. Picha ya ufa karibu, kama alivyoueleza mzee, itafanya kazi kuliko maelezo yangu yote.

Ile nyaraka ya kupigwa picha iacheni. Haitafutiki, haisomeki kwenye simu, na msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea, haipati kabisa. Wekeni ukurasa ambao mtu anaandika jina la mtaa, au la shule iliyo karibu, anapata mistari minne. Kaeni na wenyeviti wa mitaa mpate hayo majina ya wenyeji. Kazi hiyo ilituchukua wiki mbili, na katika yote tuliyoyafanya ndiyo iliyopunguza simu zaidi.

Jihadharini na jambo moja ambalo mimi lilinipita kwa muda mrefu. Mkifungua mlango wa kuripoti mashimo mtandaoni, mtasikia wale wenye simu nzuri na muda wa kuandika, na mtadhani barabara mbovu ziko kwao. Boston walitengeneza programu, Street Bump, ya mwaka 2012, iliyotumia simu ya dereva kuhisi mtikisiko wa shimo. Wazo zuri sana. Lakini wenyewe walitambua mapema kwamba mitaa ya maskini na ya wazee, yenye simu janja chache, ingeonekana kama haina mashimo. Kwa hiyo ripoti za mtandaoni zitumieni kwa viraka na dharura. Mpango wa miaka mitano ubaki kwenye ukaguzi wa miguu, unaofika kila mtaa sawasawa.

Na ripoti ziwe za wazi. Uingereza kuna FixMyStreet, imekuwepo tangu 2007. Mtu akiripoti shimo, kila mtu analiona kwenye ramani pamoja na kilichojibiwa. Jirani akiingia anakuta limeshasemwa, hana haja ya kulisema tena. Na ofisi haiwezi kuandika "imekamilika" mara sita bila watu kuona.

Neno hilo sisi tulilifuta. Tukaweka: imepokelewa, imekaguliwa, imepangwa mwezi fulani, kiraka kimewekwa, haitafanyika mwaka huu kwa sababu hii. Fundi hafungi ripoti mpaka aambatishe picha aliyopiga pale pale. Mwanzoni mafundi walilalamika. Baadaye wao wenyewe wakawa wanapiga picha tatu, maana ilikuwa mara ya kwanza kazi yao kuonekana.

Kuhusu kikao cha moja kwa moja: saa nne za video hakuna atakayezitazama. Mkimaliza, usiku ule ule mtu mmoja aandike nini kimeamuliwa na dakika ya ngapi kwenye video, ili anayetaka kumsikia diwani wake akitetea mtaa aende moja kwa moja. Jedwali lenyewe liwe kwenye skrini wakati linajadiliwa. Hakuna kinachokera kama kusikiliza "tukienda ukurasa wa 14" wakati ukurasa wa 14 hauuoni.

Halafu kabla hamjapaka hata mita moja, tumeni orodha kwa watu wa maji, wa umeme na wa nyaya za intaneti. Waulizeni nani ana bomba la kupitisha humo. Lami mpya ikikatwa mwezi wa pili baada ya kuwekwa, hakuna tangazo litakalorudisha heshima. Ile San Francisco niliyoitaja inazuia kuchimba barabara iliyopakwa upya kwa miaka mitano, isipokuwa kwa ruhusa maalumu.

Huyo mama mjibu leo. Usisubiri kikao. Mjibu hadharani, pale pale alipoandika.

---

Diwani_Kamati aliandika:

Nimewasoma wote, zaidi ya mara moja. Jana asubuhi nilikwenda na mhandisi mpaka mtaa wa yule mama. Ni kweli gari haliingii. Mita kama 200 za mwanzo ndizo zimekatika, mbele panapitika. Mtaro wa upande wa juu haupo kabisa, umefukiwa na nyumba zilizoongezwa ua. Barabara ina alama 18 na kwenye rasimu iko mwaka wa nne.

Tumekubaliana na mhandisi kwamba fungu la kupitika litaingia kwenye rasimu kama kifungu kinachojitegemea, na kigezo cha kwanza kitakuwa njia ya wagonjwa. Orodha ya pili itachapishwa. Mwenzangu mmoja kwenye kamati anaipinga, anaogopa uchaguzi. Nimemwomba aje naye mtaani tutembee.

Hili ndilo jibu ninalotaka kumwandikia mama. Nisahihisheni kabla sijaliweka:

"Mama, ujumbe wako tuliuona tukachelewa kuujibu kwa zaidi ya miezi minne. Ni kosa letu, na tunakuomba radhi wewe na baba yako. Mtaa wenu umepimwa, una alama 18 kati ya 100, maana yake msingi umeharibika na barabara inatakiwa kujengwa upya. Kazi hiyo haimo katika mwaka huu wala ujao. Kwenye rasimu imependekezwa mwaka wa nne. Kabla ya hapo tunapendekeza barazani kazi ya kuwezesha gari la wagonjwa kufika: kuchimba mtaro wa upande wa juu, kuweka kalavati mbili na kumwaga changarawe mita 200 za mwanzo. Baraza likipitisha, kazi itaanza hivi karibuni. Nitaandika hapa hapa matokeo ya kikao."

---

Mkaguzi_Mstaafu alijibu:

Mheshimiwa, ni jibu zuri. Ondoa "hivi karibuni". Muulize mhandisi greda liko wapi na linakuwa huru wiki gani, kisha uandike wiki hiyo. Kama hajui, andika siku ambayo atakuwa amejua.

Na ule mtaro uliofukiwa, ongeeni na wenye nyumba kabla ya makoleo kufika. Mwambie mama pia kwamba mtaro unapita kwenye ua za watu, ili kazi ikisimama siku mbili kwa mazungumzo asidhani mmemwacha.

---

Diwani_Kamati aliandika:

Nimempigia mhandisi sasa hivi. Greda liko kazini upande mwingine wa jiji mpaka tarehe 16. Nimeandika kwamba likipitishwa linaanza kwake tarehe 18, na nimeweka habari ya mtaro. Jibu limeshawekwa.

Amejibu baada ya nusu saa. Ameuliza kama kalavati zitabeba uzito wa gari la wagonjwa au ni zile nyembamba. Nimemwambia namuuliza mhandisi, na kesho kabla ya saa sita atapata jibu.

---

Mkaguzi_Mstaafu alijibu:

Mwambie mhandisi ziwe za zege lenye nondo, zifunikwe kwa udongo wa kutosha ulioshindiliwa vizuri kabla changarawe haijamwagwa juu. Huyo mama ameuliza swali la mkaguzi.